Sanaa ya Kuingia Uchi: Kulielewa Bafu la Naoshima

Ukishuka kwenye feri katika bandari ya Miyanoura, kisiwani Naoshima, Japani, huna haja ya kuuliza njia. Unaingia uchochoroni kati ya nyumba za wenyeji, unatembea dakika mbili tatu, na mbele yako kinatokea kijengo kilichovaa kila kitu kwa pamoja: vigae vya rangi, vipande vya meli, mimea, taa za neoni, na herufi moja kubwa ya Kijapani inayojikunja kama samaki, ゆ. Asiyejua atadhani ni kilabu cha usiku, au meli iliyopotea njia ikapanda nchi kavu. Kumbe ni bafu. Bafu la umma, la kulipia, lenye maji ya moto na ndoo za kujimwagia, na taulo zinauzwa pale pale. Papo hapo ni kazi ya sanaa yenye jina, msanii na mwaka: "I♥湯", Shinro Ohtake, 2009.

Wengi wakisikia "bafu lililofanywa sanaa" huwaza moja kati ya mambo mawili. Ama ni bafu la zamani lililokaushwa, likapakwa chokaa na kutundikwa picha. Ama ni maonyesho yenye sura ya bafu, unayatazama ukiwa na nguo zako na tiketi mkononi. La Naoshima halimo kati ya hayo. Watu wanaoga humo, wazee wa kisiwa na wageni kutoka Ulaya, na asiyeoga hajaiona kazi yenyewe. Ili jambo hili lieleweke, tuliweke kwanza neno sanaa pembeni tuanze na maji.

Kijapani hakina "maji ya moto". Maji ya baridi ni *mizu*, ya moto ni *yu*, na maneno hayo hayana undugu wowote. Sisi tunalielewa hilo bila taabu, maana hatusemi "mchele uliopikwa" wala "mchele wenye maganda". Tuna mpunga, mchele na wali. Kwa Mjapani, maji yakishapata moto yamekuwa kitu kingine. Ile herufi ya neoni inasomwa *yu*, na ndiyo iliyoandikwa kwenye mapazia ya milangoni mwa mabafu ya umma nchi nzima. Anayeiona anajua ndani kuna moto. Ikiandikwa kwa herufi zilizotoka Uchina inakuwa 湯.

Sasa lisome jina la kazi hii kwa sauti. Unaanza kwa Kiingereza, "I love", unamalizia kwa Kijapani, *yu*. Sikio linasikia mtu akimwambia mwenziwe nakupenda. Jicho linasoma nayapenda maji ya moto. Ule moyo mwekundu uliokuwa kwenye fulana za New York tangu miaka ya 1970 umevuliwa fulana na kutiwa hodhini. Ni utani mwepesi, wa aina ambayo mtu huona haya kucheka mbele ya wakubwa, na wepesi huo ni wa makusudi. Nitaurudia.

Bafu la umma la Kijapani huitwa *sentō*. *Sen* ni sarafu, *tō* ni matamshi mengine ya ile ile 湯: maji ya moto ya sarafu. Lisichanganywe na *onsen*, ambayo ni chemchemi inayotoka ardhini na madini yake, na ina sheria yake ya mwaka 1948. Sentō huchemsha maji ya kawaida, na lina sheria nyingine ya mwaka huo huo inayosimamia usafi, leseni na utenganishaji wa wanaume na wanawake. Ada yake nayo haipangwi na mwenye bafu. Amri ya kudhibiti bei iliyotolewa mwaka 1946, wakati nchi imetoka vitani na kila kitu ni adimu, bado inafanya kazi kwa mabafu haya ya kawaida: gavana wa mkoa ndiye hutangaza kiwango cha juu. Tokyo, Agosti 2024, kiwango cha mtu mzima kilipandishwa hadi yen 550. Ni mantiki ile ile ya nauli ya daladala. Serikali haioni kuoga kuwa starehe, inaona ni haja, na haja haiachiwi soko peke yake.

Haja hiyo ina historia ndefu. Kumbukumbu za Edo, mji ambao leo ni Tokyo, zinalitaja bafu la kwanza la kulipia mwaka 1591. Mji ulikuwa wa mbao na karatasi, ukiungua mara kwa mara, na kuni na maji vilikuwa na gharama. Kila nyumba kuwa na moto wake wa kuchemshia maji ya kuoga lilikuwa jambo la hatari na la anasa. Kwa hiyo watu walioga mtaani. Huko ndiko habari zilikopatikana na madeni kukumbushwa, na mama mkwe angeweza kumkagua mchumba wa mwanawe bila nguo za kumficha.

Utaratibu wa ndani haujabadilika sana, na ni lazima uujue, kwa sababu kazi nzima ya Ohtake imeegemea hapo. Unavua viatu na kuvifungia kwenye kijikabati, mara nyingi chenye kibao cha mti kwa ufunguo. Unalipa. Unapita chini ya pazia, la bluu au jekundu kutegemea jinsia yako. Unavua kila kitu. Unaingia na kitaulo kimoja chembamba, upana wake haufiki hata nusu ya kanga. Ukutani kuna safu ya mabomba yaliyowekwa chini, usawa wa goti, na mbele ya kila bomba kuna kigoda kidogo cha plastiki. Unakaa. Unachukua ndoo, na katika mabafu mengi huwa ya njano yenye tangazo la dawa ya maumivu, Kerorin, iliyoanza kuzunguka mabafuni mwaka 1963 na imegoma kuondoka. Unajisugua, unajisuuza, unajisugua tena mpaka hakuna povu hata nyuma ya sikio. Ndipo unapoingia kwenye hodhi.

Mgeni hukosea hapo. Hodhi si mahali pa kuogea. Ni mahali pa kulowa ukiwa umeshaoga. Maji yale, nyuzi 42 au zaidi, ni ya watu wote, na sabuni haigusi humo. Kitaulo nacho hakiingii. Ndiyo maana unawaona wazee wamekaa wametulia, vitaulo vimekunjwa juu ya utosi kama barua inayosubiri stempu.

Msomaji wa pwani hapa atakuwa ameshauliza swali lake: na sitara? Katika mahamamu ya nchi za Kiislamu mwanamume hubaki na nguo kiunoni hata kati ya wanaume wenzake. Japani mantiki imegeuka juu chini: nguo ndiyo inayoleta uchafu majini, kwa hiyo nguo ndiyo yenye aibu, na mwili uliosafishwa hauna cha kuficha. Wana msemo, *hadaka no tsukiai*, ujamaa wa watu walio uchi, wakimaanisha urafiki unaoacha vyeo mlangoni. Sisemi tuuige. Nasema tu kwamba ukiingia kwenye kazi hii na hesabu ya sitara ya kwetu, utaona ukaidi mahali ambapo Mjapani anaona adabu.

Kwenye suala la sanaa, watu wengi hulieleza bafu la Naoshima kana kwamba ndilo la kwanza kuleta picha mahali pa kuogea. Mabafu ya Tokyo yana picha ukutani tangu mwaka 1912. Mwaka huo bafu moja la mtaa wa Kanda, Kikai-yu, lilimwita mchoraji aliyetokea Shizuoka ili apambe ukuta mrefu juu ya hodhi, watoto wapate kitu cha kutazama wakubali kuoga. Shizuoka ndiko Mlima Fuji unakosimama, naye akauchora mlima wa kwao. Mtindo ukaenea mpaka ikawa ajabu kuona bafu la Tokyo lisilo na Fuji.

Ufundi huo unastahili kutazamwa kwa karibu. Mvuke unabambua rangi, kwa hiyo picha hurudiwa kila baada ya muda, na kuirudia kunafanyika siku bafu limefungwa, asubuhi hadi jioni, kwa sababu kesho watu wanataka kuoga. Mchoraji anapanda jukwaa la mbao lililopita juu ya hodhi tupu. Anaanza na mbingu, ili rangi ikichuruzika ianguke mahali ambapo bado hajagusa. Hafuti ya zamani. Anachora juu yake, Fuji juu ya Fuji, miaka na miaka. Na kuna miiko. Nyani hachorwi, kwa kuwa *saru*, nyani, inasikika kama neno la kuondoka, na mteja asije akaondoka. Jua linalozama halichorwi, biashara isije ikazama nalo. Majani mekundu ya vuli nayo hayachorwi, kwani yanapukutika. Zamani gharama zilibebwa na matangazo ya maduka ya jirani yaliyopangwa chini ya mlima: daktari wa meno, duka la tofu, fundi wa saa. Leo wachoraji wanaoishi kwa kazi hii wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vinabaki.

Sanaa, basi, ilikuwamo bafuni zamani sana, na haikuitwa sanaa. Iliitwa ukuta.

Kilichobadilika ni idadi ya mabafu. Mwaka 1963 karibu nyumba 6 kati ya 10 nchini zilikuwa na sehemu ya kuogea. Leo ni nadra kukuta isiyo nayo. Mwaka 1968 sentō zilifika karibu 18,000, na huo ndio ukawa upeo. Sasa hazifiki 2,000. Mwenye bafu amezeeka, boila limezeeka, mafuta yamepanda, watoto wameajiriwa ofisini, na kiwanja kilicho katikati ya mji kina bei ya kumfanya mtu alale macho wazi. Hata anayelipenda bafu lake hukokotoa mahesabu na kuona kwamba linamgharimu.

Jengo zuri likibaki bila kazi, watu hutafuta la kulifanyia. Mtaa wa Yanaka, Tokyo, bafu lililoitwa Kashiwayu lilifungwa, na mwaka 1993 likafunguliwa tena kuwa nyumba ya maonyesho, SCAI The Bathhouse. Bomba la moshi bado limesimama na vijikabati vya viatu vipo. Ndani ni kuta nyeupe na sanaa za bei kubwa. Kyoto, bafu lenye vigae vya maua linauza kahawa na keki kwa jina la Sarasa Nishijin. Yote mawili ni mazuri, na mwenye moyo wa kuhifadhi anayashukuru. Lakini maji hayapo. Nikiyafikiria hukumbuka Hamamni, Mji Mkongwe wa Unguja, hamamu la umma lililojengwa enzi za Sultani Barghash kati ya 1870 na 1888. Unalipa kiingilio, unaoneshwa chumba cha joto na hodhi, unapewa historia, na sakafu ni kavu kiasi kwamba unasikia kandambili zako zikigonga. Unabaki kukisia mvuke.

Njia nyingine ni ya Koganeyu, bafu la Tokyo lililofunguliwa mwaka 1932 na kukarabatiwa mwaka 2020 na msanifu Jo Nagasaka. Maji yamebaki, Fuji amebaki ila amechorwa na mchora katuni, na mlangoni pamewekwa bia na meza ya muziki. Hilo ni bafu lililochangamshwa, na linafanya kazi. Ohtake alichofanya kinakaribiana nalo kwa nje tu.

Naoshima kwanza, kwa haraka. Ni kisiwa kidogo katika Bahari ya Ndani ya Seto, mkoa wa Kagawa, chenye watu takriban 3,000. Tangu mwaka 1917 upande wake wa kaskazini una kiwanda cha Mitsubishi cha kuyeyusha shaba, ambacho kiliwapa watu ajira na kuvipa vilima upara, kwani moshi wa salfa uliua miti. Mwaka 1985 mwenye kampuni ya uchapishaji ambayo sasa inaitwa Benesse, Tetsuhiko Fukutake, alikubaliana na meya wa kisiwa, Chikatsugu Miyake, juu ya kuujenga upya upande wa kusini. Fukutake alifariki mwaka uliofuata. Mwanawe Soichiro akaendelea, akamleta msanifu Tadao Ando, na mwaka 1992 likafunguliwa jumba lililo makumbusho na hoteli kwa pamoja. Mwaka 1994 likaja sanamu la boga la njano la msanii Yayoi Kusama gatini, na mwaka 2004 makumbusho ya Chichu yaliyochimbwa ndani ya kilima. Tamasha la kwanza la sanaa la visiwa vya Setouchi, mwaka 2010, lilileta ziara zaidi ya 900,000 kwa siku 105.

Huko Chichu, chumba cha picha za maua ya majini za Claude Monet, unaombwa uvue viatu uvae ndara. Watu hunong'ona. Zege ni safi, mwanga umepimwa, na mhudumu aliyevaa nguo nyeupe anakutazama kwa upole usiopinda. Sina ugomvi na Chichu. Ni mahali pa kutulia moyo. Ila kisiwa kizima kikiwa hivyo, mvuvi mstaafu wa Miyanoura anaenda wapi jioni? Ando alijenga upande wa kilimani. Bafu likajengwa upande wa bandarini, kwenye mtaa wa watu, na mtu aliyepewa kazi hiyo hakuwa mtu wa zege safi hata kidogo.

Ohtake alizaliwa Tokyo mwaka 1955. Mwaka 1977 akiwa London alianza kubandika kwenye daftari kila kilichompitia mkononi: tiketi, karatasi za pipi, vibandiko vya kiberiti, picha za magazeti, vipande vya matangazo. Hakuacha. Madaftari yale, yaliyovimba mpaka hayafungiki, yalikuwa zaidi ya 60 yalipooneshwa kwenye maonyesho makubwa ya Venice mwaka 2013. Tangu mwaka 1988 anaishi Uwajima, mji wa bandari kwenye kisiwa cha Shikoku, mbali na soko la sanaa la Tokyo. Ukiuliza mtindo wake ni upi, jibu fupi ni kwamba hatupi kitu. Mwaka 2006, kwenye kijiji cha Honmura hapo hapo Naoshima, alipewa nyumba iliyokuwa zahanati ya meno. Akaijaza mabati, vipande vya mashua na sanamu kubwa ya Uhuru wa Marekani iliyobanwa ndani kama jini kwenye chupa.

Bafu ni daftari hilo hilo, safari hii lenye mabomba. Tofauti na Yanaka, hakukuwa na bafu la kale la kugeuzwa. Jengo lilisimamishwa kwa ajili hii, msanii akishirikiana na kundi la wabunifu la graf kutoka Osaka. Yaani walianza na mifereji, boila na masharti ya afya, halafu msanii akabandika juu yake ulimwengu wake bila kuziba hata bomba moja.

Ndani, hodhi linakaa katikati ya chumba cheupe. Ukiingia na kuinamisha macho unaona sakafu ya hodhi imejaa picha zilizokatwakatwa na kupangwa, nyingine za mahaba, zikicheza chini ya maji na chini ya miguu yako. Juu ni paa la kioo lililochorwa rangi. Mchana mwanga unashuka na rangi zake hadi kwenye mabega ya watu. Mbele, nyuma ya kioo, kuna bustani ya mimea ya nchi za joto, kama ile mimea ya sufuria ambayo bibi fulani huijaza barazani bila mpango. Vigae vina michoro. Mabomba yana michoro. Chooni mpaka sinki lenyewe limechorwa. Na juu ya ukuta unaotenganisha wanaume na wanawake amesimama tembo, sanamu la ukubwa wa mtoto wa tembo, jina lake Sadako, akitazamwa na pande zote mbili. Hakuna kibao cha kueleza tembo anafanya nini pale.

Wapo wanaojaribu kumfafanua. Mimi naona mahali alipo panajieleza: penye Fuji, kileleni mwa ukuta, mahali ambapo kwa karibu karne nzima macho ya muogaji yalizoea kwenda akishaegemea. Ohtake ameuondoa mlima akaweka kitu cha ajabu kama kile ambacho mlima wenyewe ulikuwa mwaka 1912, kitu cha kumfanya mtoto akubali kuoga.

Hapo tunaweza kurudi kwenye swali la mwanzo, kwa nini asiyeoga hajaiona kazi yenyewe. Kazi nyingi za sanaa zinalindwa na vitu vitatu: umbali, ukimya na kamera. Umbali ni ule mstari sakafuni usiouvuka. Ukimya unajulikana. Kamera ndiyo inayotupa uthibitisho kwamba tulikuwapo. Bafuni vyote vitatu vinakufa. Huwezi kukaa mbali na kazi uliyoikalia kwa makalio. Huwezi kuwanyamazisha watu ambao mtaani kwao bafu ndilo baraza. Na simu haiingii. Kupiga picha ndani ni marufuku kwa sababu iliyo wazi, kwa hiyo kazi mojawapo mashuhuri ya kisiwa kinachopigwa picha kuliko kiasi haipigwi picha na wanaoitembelea. Picha zake za ndani zilizopo zilipigwa kwa mpango, bila waogaji. Kila unachokiona mtandaoni ni bafu likiwa tupu, yaani likiwa halijakamilika.

La nne ni joto. Nyuzi 42 hazikuachii muda wa kutafakari. Unaangalia picha ya chini kwa dakika tatu, uso umekuwa mwekundu, moyo unadunda, unatoka, unajimwagia maji baridi, unarudi. Mwili ndio unaopanga muda wa kutazama. Sijui makumbusho yenye saa kali kuliko hiyo.

Ndiyo sababu ule utani wa jina ni mwepesi. Jina zito lingemtaka muogaji asimame kwa heshima, na mtu aliye uchi na ndoo ya plastiki mkononi hana namna ya kusimama kwa heshima.

Upande wa uendeshaji ndio watu huupita haraka, nao kwangu ndio wenye uzito. Waliobuni na kugharamia ni watu wa sanaa, lakini siku hadi siku bafu linaendeshwa na chama cha utalii cha kisiwa kwa kushirikiana na watu wa Miyanoura. Mwenyeji hulipa kidogo kuliko mgeni. Kuna mtu wa mlangoni anayepokea pesa, anayejua nani ana mgongo mbaya na nani hajaonekana siku mbili. Kuna anayesugua vigae vile vilivyochorwa, kwa brashi na dawa, kama angesugua vigae vingine vyovyote. Kwenye makumbusho, kumwagia kazi maji ni uharibifu. Hapa kutoimwagia ndiko kungeiua, kwani ukungu na chokaa ya maji vingeikalia. Mhifadhi wa kazi hii ni msafishaji bafu.

Je, limewasaidia wenyeji? Hapa nasita. Nyumba za Naoshima zina mabafu yake. Kuna jioni ambapo wageni walioshuka na mabegi ya magurudumu huwa wengi kuliko wazee, na mzee aliyezoea kulowa kimya hukuta vijana wanaosoma maelekezo ya kigeni kabla ya kukalia kigoda. Bafu hili halitafufua sentō 16,000 zilizokufa, wala hakuna mwenye bafu Osaka anayeweza kumwita msanii aliyefika maonyesho ya Venice ampambie choo. Anayelitumia kama dawa ya kuokoa mabafu anakosea anwani. Linachofanya ni kidogo zaidi: mgeni aliyekuja kuona Monet anajikuta amekaa kwenye kigoda karibu na mfanyakazi wa kiwanda cha shaba, akioneshwa kwa ishara kwamba bado ana povu mgongoni.

Ohtake alirudi kwenye maji ya moto baadaye, kwa nje. Matsuyama, kwenye mkoa wake wa Ehime, chemchemi za Dōgo zina jengo la mbao la mwaka 1894 lililohitaji ukarabati mrefu. Mwishoni mwa 2021 turubai kubwa la kufunika ujenzi lilivishwa kazi yake: makaratasi ya rangi aliyoyachana kwa mkono, yakakuzwa mpaka yakafunika paa na kuta. Chini ya turubai lile mafundi waliendelea kugonga na watu wakaendelea kuoga sehemu iliyobaki wazi. Jengo lilipofunguliwa lote Julai 2024, karatasi zilikuwa zimeshaondoka.

Kwenye sentō za zamani ukuta wa katikati haufiki darini; umeachwa wazi juu ili joto na sauti vipite. Mume na mke waliokuja pamoja huingia milango miwili, na baada ya nusu saa mmoja anapaza sauti juu ya ukuta kwamba anatoka, mwenziwe anajibu toka upande wa pili kwamba bado nywele. Naoshima sauti hizo hupita chini ya tumbo la Sadako.